Anayekohoa Kiwandani

Kiwanda cha vigae vya asbesto kilifungwa zamani, ila majirani waliapa kwamba bado kuna mtu anafanya kazi humo. Husikika akikohoa. Mkaguzi alipofika kuchukua sampuli za vumbi, dereva wake aligoma kuvuka geti.

"Dada, mimi na majini hatujakosana. Sitaki kuwachokoza."

"Jini halikohoi," alimjibu, akakaza barakoa yake.

Baba yake alikuwa fundi mitambo humo. Alikufa kifua kimembana, akihema kama mtu aliyebeba gunia ngazini hata akiwa amelala.

Ndani, paa lilikuwa limepasuka. Palipoingia jua, nyuzi nyeupe zilielea bila haraka. Mkaguzi alinyunyiza maji kwenye bomba ili vumbi lisiruke, akakwangua kipande cha ganda lake, akakifunga kwenye mfuko. Ndipo akasikia kikohozi. Kikavu, cha kurudiarudia, kikiishia na mluzi mwembamba. Kilikuwa kikohozi cha baba yake, si kingine.

Aliifuata ile sauti hadi chumba cha mashine. Kwingine kote vumbi lilitanda kama unga uliomwagika, lakini sakafu ya hapa ilikuwa safi. Katikati alisimama mtu mweupe: nyusi nyeupe, nguo nyeupe, ufagio mkononi.

"Mbona umejifunika uso kama mwizi?"

Alikuwa shangazi yake, dada wa baba, aliyeishi nyuma ya kiwanda.

"Shangazi! Unafanya nini humu?"

"Namfagilia kaka. Kaburi lake liko mbali, miguu yangu haifiki tena. Hapa ndipo alipokuwa akisimama. Nikifagia, namsikia anapumua."

Mkaguzi alitaka kumwambia kwamba pumzi hiyo ni ya shangazi mwenyewe. Badala yake alimvalisha barakoa ya akiba, akamshika mkono, wakatoka polepole wasitimue vumbi.

Dereva alipomwona mtu mweupe akitokeza, alijitupa garini akapandisha vioo.

"Mwambie huyo bwana atulie," shangazi alisema. "Sijafa bado."

Maabara ilithibitisha kuwa ni asbesto. Picha ya kifua cha shangazi nayo ilionyesha makovu pande zote mbili, na daktari hakuficha kwamba hayaponi. Mkaguzi akamhamishia kwake.

"Sasa nani atamfagilia?" shangazi aliuliza.

"Hakuna, Shangazi. Wataalamu watalowesha kila kitu, watafunga kwenye plastiki, wakafukie."

"Basi mnamzika mara ya pili. Safari hii nami nipelekeni."

Siku ya kuhamisha uchafu ule, walikaa garini mbali na geti, vioo vimefungwa. Shangazi hakutoa chozi. Lori la kwanza lilipopita, alijitanda mtandio wake vizuri, akainamisha kichwa. Kando yake mpwa wake alisikiliza mluzi ule wa pumzi yake ukipanda na kushuka, akaogopa kugeuka kumtazama.