Mzio Si Lazima

Kanuni za skima, yaani muundo ambao kila ujumbe wa kompyuta lazima uufuate, niliziandika mimi, na nilizipenda kama mtu anavyopenda sauti yake mwenyewe. Hospitali yetu ilikuwa na mifumo minne ya kompyuta: mapokezi, maabara, duka la dawa na wodi. Kila mmoja ulitunza kipande chake cha habari za mgonjwa, na vipande vyote vikakutana kwenye skrini moja. Kitu kikibadilika, mfumo ulituma ujumbe kwa dalali, programu ya kupokea na kugawa, na mifumo mingine ikauchukua huko. Kanuni zangu ndizo zilizoamua ujumbe upi upite na upi ukataliwe.

Ujumbe wa mapokezi mara nyingi ulikuja bila sehemu ya mzio, yaani dawa zinazomdhuru mgonjwa. Ukakataliwa, foleni ikaziba, simu zikanililia mezani. Nikachoka. Nikaandika: mzio si lazima, ukikosekana, ujumbe upite.

Mfamasia wetu, mzee tuliyemwita Breki kwa kupinga kila kitu, alinifuata mpaka mezani.

"Mwanangu, 'hatujui' na 'hakuna' si kitu kimoja. Hiyo nafasi tupu, skrini itaisomaje?"

"Mzee, wewe hata ukifunguliwa mlango utauliza dirisha liko wapi."

Ofisi nzima ikacheka, na mimi nikacheka kuliko wote. "Mdharau mwiba, mguu huota tende," akasema, akaenda zake.

Jumatatu asubuhi kaka akanipigia. Mama ameletwa na homa ya mapafu, yuko wodini, ghorofa moja chini yangu. Mama huyo huyo ambaye sindano moja ya penisilini iliwahi kumvimbisha koo mpaka akazimia.

Nikafungua mfumo. Ujumbe wake ulifika saa tatu na dakika kumi, bila mzio, na ulipita vizuri kama nilivyotaka. Kwenye skrini ya wodi, penye mzio, paliandikwa: Hakuna.

Sijawahi kuogopa vile. Nikapiga wodini, simu ikaita, ikaita.

"Dada wa mitambo!" nesi akaitikia kwa furaha. "Nilijua tu ni mamako, mmefanana pua. Nimemhudumia wa kwanza kabisa."

"Umempa nini?"

"Penisilini. Usiwe na wasi, niliangalia skrini kwanza. Alitaka kunizuia mkono, nikamwambia mama tulia, hii mashine ya mwanao haikosei. Sasa kanyamaza, nadhani kalala."