Tutamalizia Jumamosi

Salome alikuwa na watoto watatu, na siku ya sendofu, sherehe ya kumuaga binti yake mkubwa kabla ya harusi, alipanga kuwatambulisha wawili kwa wakwe. Usimcheke haraka. Mtu anayeozesha kwa mara ya kwanza huwa hana akili zake zote, na hizo chache alizobaki nazo Salome alikuwa amezigawa kati ya turubai, wapishi na fundi cherehani aliyechelewesha sare za vitenge.

Mtoto aliyeachwa nje ya hesabu alikuwa Albina, wa kati, mwenye miaka kumi na sita. Albina alikuwa na usonji. Ndivyo daktari alivyowaeleza zamani, na jina hilo liliwasaidia kumwelewa. Maneno yake yalikuwa machache. Spika za muziki zilimfanya azibe masikio na kulia kwa sauti. Na jambo likishakaa kichwani mwake, halikupanguliwa na mtu. Nyumbani walimzoea na kumpenda, lakini wakwe waliokuwa wanakuja walikuwa watu wa Mbeya, wafanyakazi wa serikali hapo Sumbawanga, na Salome alijua midomo ya watu. Aliogopa wangemtazama Albina, kisha wamtazame Dominika bibi harusi, kisha waanze kuwaogopa wajukuu ambao hata hawajazaliwa, na uchumba ufe.

Kwa hiyo asubuhi ile akampeleka Albina kwa jirani, Mama Kija, akisema muziki utamsumbua. Sababu hiyo ilikuwa ya kweli, ndiyo maana ilifaa sana kufichia ile nyingine.

"Mficha uchi hazai," mumewe Modesti alimwambia huku akihangaika na tai.

"Mimi nimeshazaa," Salome alijibu. "Sasa naozesha."

Wakwe walifika mchana wamejaza basi dogo, Kosta nzima, kwa vigelegele. Mbele yao alitembea mama yake bwana harusi, Asifiwe, ambaye kila mtu alimwita Mama Obed. Mwanamke wa mwili na sauti, kilemba chake kikiwa kimepanda juu mpaka kikagusa turubai. Herman, mshereheshaji, alikuwa ameshashika kipaza sauti akitania pande zote mbili. Jikoni wapishi walinung'unika kwamba visu vyote vidogo vimepotea tangu asubuhi, na Salome akawaambia wakaazime. Utambulisho ulikuwa karibu kuanza. Hapo ndipo Mama Kija alipotokea nyuma ya jiko, kanga imemteleza begani.

"Mama Domi, mtoto simwoni. Nimekwenda kuchochea moto tu, nikirudi mlango uko wazi."

Salome aliacha utambulisho palepale. Alitoka bila kumwambia mtu, na vile viatu vya visigino akavua njiani. Alikwenda kwenye kisima cha akina Mama Kija, akachungulia, akaita. Alikwenda sokoni, ambako Albina hupenda kutazama wauza maharage wakichambua. Alikwenda kanisani, akakuta wanakwaya peke yao. Upepo wa baridi wa mwezi wa saba ulipita mtaani ukipeperusha vumbi, naye akamkumbuka mwanawe aliyetoka bila sweta. Moyoni alisema jambo ambalo asubuhi asingeliamini: Mungu wangu, chukua sendofu, chukua na Kosta yao, niachie mtoto.

Aliporudi, Herman alimwona akiingia peku, kitenge kimejaa vumbi, akadhani anakuja kucheza. "Mama mzazi huyo, mpisheni," alisema. Salome akamnyang'anya kipaza sauti.

"Wakwe zangu, nisameheni," alisema. "Nina mtoto mwingine. Anaitwa Albina, anamfuata Dominika. Ana usonji. Nilimficha kwa jirani ili msimwone, nikiogopa mtamkataa dada yake. Sasa amepotea. Mkitaka kuondoka, ondokeni, lakini kwanza nisaidieni kumtafuta."

Muziki ukazimwa. Modesti alikuwa ameshasimama.

Mama Obed akainuka. "Mambo ya kuondoka tutayazungumza baadaye," alisema. "Huyo mtoto hupenda kwenda wapi?"

"Haendi popote peke yake. Huenda tunapokwenda sisi."

Dominika alikuwa mezani pa bibi harusi, akikunja uso kama mtu anayetafuta kitu ndani ya pochi. "Mama," alisema, "leo ni siku gani?"

"Dominika, huu si wakati."

"Leo ni Jumamosi. Jumamosi iliyopita ulezi ulipobaki kile kipande cha juu, ulimwambiaje Albina?"

Salome akashika kichwa. Alikumbuka vizuri. Jua lilikuwa linazama, Albina hataki kuondoka shambani, na yeye, kwa kuchoka tu, akasema neno ambalo wazazi wote husema: twende, tutamalizia Jumamosi. Kisha sendofu ikammeza, na katika maandalizi yote hakuna aliyemwambia Albina kwamba Jumamosi hii hakuna kuvuna. Ahadi ni deni, na mdai alikuwa ameshatangulia shambani.

Walijaza ile Kosta mpaka mlangoni, wakwe kwa wenyeji, bibi harusi na gauni lake katikati. Mathias, kitinda mimba, alikaa mapajani mwa Obed, shemeji yake mtarajiwa, akimwonyesha dereva njia kwa kidole. Shamba liko nje ya mji, upande wa kwenda Matai, mahali ambapo uwanda umefunguka na nyumba zimekwisha. Hata kabla gari halijasimama Salome alimwona. Gauni la bluu, kapu mgongoni, katikati ya ulezi, akikata masuke taratibu na kuyatupia nyuma bila kuangalia, kama alivyofundishwa na bibi yake.

Salome alikimbia, halafu akasimama ghafla pembeni mwa shamba. Vile visu vidogo vya nyumbani walivyovikosa wapishi, ambavyo ndivyo vya kuvunia, vilikuwa pale. Albina alikuwa amelaza mabua chini, akavipanga juu yake kwa mstari, kila kimoja mbele ya mahali anapoanzia mwenye kisu. Cha baba, chenye mpini wa kamba. Cha Dominika. Cha Mathias, kile butu. Na chake yeye Salome, alichokifunga kitambaa chekundu mpini ulipopasuka. Hakuna mtu wa nyumba ile aliyekuwa amesahauliwa.

Salome aliona haya mpaka masikioni. Alikaa chini palepale na sare yake mpya, akalia kwa furaha na kwa aibu, na hakujali ni nani anamtazama.

Modesti alikwenda kwa binti yake. "Albina, mama, twende nyumbani. Watu wanasubiri chakula." Albina alikata suke, akalitupia nyuma. "Jumamosi," alisema.

"Haondoki," Modesti aliwaambia wageni, akikuna kichwa. "Sio kiburi. Kipande hakijaisha. Tukimvuta tutalia wote."

Mama Obed aliutazama ulezi, akamtazama Albina, akamtazama mwanawe Obed aliyevaa suti. "Kwani umebaki mwingi?" aliuliza. Bila kungoja jibu akavua viatu, akafungua kilemba akajifunga kiunoni, na mkono wake ukaangukia kile kisu cha kitambaa chekundu. "Kwetu Rungwe nimekuzwa na uji wa hiki kitu. Obed, vua hilo koti. Unataka kuoa kwa wavunaji ukiwa umesimama?"

Basi wakaingia. Wenye visu walikata, wasio navyo walivunja kwa mikono. Wazee wa wakwe walibishana juu ya namna sahihi ya kushika suke, wakicheka hadi machozi. Dominika alikusanya gauni lake akalifunga fundo, na Herman, ambaye bila kipaza sauti alikuwa kama kuku aliyenyeshewa, akapewa kazi ya kubeba makapu. Hakuna spika iliyolia, na Albina hakuziba masikio hata mara moja. Alipofika mwisho wa mstari wake alirudi akapita nyuma ya Mama Obed, akiokota kwa makini masuke yote aliyoyaruka.

"Mkwe," Mama Obed alimwambia Salome kwa sauti ya chini, kwa mara ya kwanza siku hiyo, "kumbe ulikuwa unanificha fundi."

Kipande kilipokwisha, Albina alikusanya visu kwenye mfuko aliokuja nao. Akavipapasa, akasimama. Watu wa nyumba ile walijua maana ya kusimama kule.

"Hatuondoki," Mathias alimweleza Obed. "Kimoja hakipo."

Wote wakainama kutafuta kwenye mabua. Mama Obed akawaachia watafute kidogo, kisha akafungua mkoba wake na kuonyesha kitambaa chekundu.

"Ninacho mimi. Nikikirudisha, Jumamosi ijayo nitavunia nini?"

"Mkwe wangu, ulezi umekwisha," Salome alisema.

"Na maharage?"

"Maharage bado."

Albina hakumtazama Mama Obed usoni. Kutazama watu usoni si kawaida yake. Aliutazama ule mkoba kwa muda, akafikiri. "Jumamosi," alisema, akafunga mfuko, akaenda kupanda gari.

Wali walioula jioni ile ulikuwa umepoa, na hakuna aliyelalamika. Jumamosi iliyofuata Salome alifika shambani na kisu kipya alichonunua sokoni, akamkuta Albina ameshatandika mabua na kupanga visu. Kati ya mahali pa Dominika na mahali Salome alipokiweka kisu chake kipya, palikuwa na nafasi tupu. Salome alitaka kusogeza kisu chake kuiziba, Albina akamshika mkono. Barabarani Mama Obed alikuwa anashuka kwenye bajaji, peku, kisu cha kitambaa chekundu mkononi.