Mwanamke wa Komamanga

…na mkoba wa mkewe unamkata bega, mzito kama umejaa mawe, wanawake wa Gravina wakienda kuangalia picha hubeba mikate na jibini utadhani huku Firenze kuna njaa, lakini kinachomwelemea si mkoba, Donato anajua, ni lile swali, kwa sababu Incoronata amesimama hatua chache mbele yake katikati ya chumba, amempa mgongo, ameuelekea ukuta mrefu uliojaa wanawake waliochorwa kwa rangi, na ameuliza kwa sauti ndogo, sauti ya kanisani, "Haya, Donato. Ni yupi?"

Ni yupi… na muuza nyama mashuhuri kuliko wote kuanzia Gravina hadi baharini, mtu anayeweza kufumba macho, akashika mfupa, akakuambia ng'ombe alikuwa akilalia ubavu gani, leo macho yanamrukaruka ukutani kama nzi juu ya soseji, maana hajawahi kukanyaga jumba hili la picha, hajawahi, Firenze anayoijua yeye ni kikombe cha kahawa alichopokea kwenye dirisha la treni, alipokuwa akirudi nyumbani kutoka jeshini, na huko jeshini silaha aliyoishika zaidi ilikuwa kisu cha kumenyea viazi, akanywa kahawa, treni ikaondoka, basi, hiyo ndiyo Firenze yake yote, lakini angefanya nini siku ile ya sikukuu ya mtakatifu wao, taa zimewambwa barabara nzima, tarumbeta zinalia, dengu za moto kwenye vikaratasi, na mpwa wa mfamasia amekuja na pikipiki mpya, nyekundu, na Incoronata mguu mmoja ameshauweka kwenye pikipiki, Donato hana pikipiki, ana mdomo, akasema, dada, subiri, kule Firenze yuko mwanamke ndani ya picha, nilisimama mbele yake mpaka walinzi wakanifukuza, sikujua kimenigandisha nini, leo nimejua, ni wewe… na ule mguu ukashuka chini. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema wahenga, hao wahenga hawakumjua Donato, njia yake imekwenda miaka thelathini na ushei na imepita Roma, Orvieto na Siena kwa basi la parokia kabla ya kufika ukutani. Na laiti angeishia pale penye pikipiki, lakini uongo ukiufuga lazima uulishe, alipozaliwa binti wa kwanza akampa yule mwanamke wa pichani komamanga mkononi, walipopanua bucha akamvika gauni la kijani, mbwa mdogo miguuni alikuja kwa ajili ya mteja mmoja mpenda mbwa aliyekuwa akichukua mapaja mazima, na sasa Gravina nzima inamjua, watoto waliokuja kununua maini wamekua, wameoa, wanamjua, hata padri aliwahi kumtaja kwenye mahubiri, kwa wema tu…

"Shemeji, si utuonyeshe?" Huyo ni Assunta, dada yake Incoronata, mwanamke mwenye masikio ya popo na ulimi wa wembe, amejisogeza karibu na nusu ya basi nyuma yake. "Au mbwa amekimbia, tukamtafute?" Watu wanacheka, kicheko cha makumbusho, cha puani, na binti anayewaongoza anainua mwavuli wake, anasema jamani hiki ndicho chumba cha mwisho, dereva anatungoja, cha mwisho, amesema cha mwisho, kumbe kule Roma alikuwa bado na pa kujifichia, aliweza kusema siyo hapa, Siena vilevile, siyo hapa, mke wangu, na Incoronata alizipita picha za Siena upesi upesi kama mtu anayetunza njaa yake kwa ajili ya karamu, na leo asubuhi ametoka bafuni hotelini amevaa gauni la kijani, jipya, amelishona lini, kwa siri ya nani, na nywele amezitengeneza, naye Donato akasema nini, akasema kahawa inapoa… basi chagua, mjinga, chagua mmoja tu umwonyeshe kidole, yule pale mwenye kijani, kijani kweli, lakini mkononi hana komamanga, ana kichwa cha mwanamume kilichokatwa, kitazame, kinamwangalia Donato kwa jicho la mtu aliyemdanganya mkewe, hapana, yule mwenye komamanga basi, ole wangu, ni Bikira Maria, utasimamaje mbele ya parokia nzima useme Mama wa Mungu ni mke wa muuza nyama, mwenye mbwa je, mwenye mbwa ni bibi kizee ana kidevu kama kiatu, Assunta atakisimulia kidevu hicho mpaka kiyama, tafuta pua, Donato, achana na mbwa, tafuta pua inayofanana tu, pua ya Incoronata ni… ni…

Ni ndefu? Ina kinundu, au kinundu ni cha Assunta? Anafumba macho amwone, na anachokiona ni mikono, mikono inayofunga nyama kwenye karatasi, anaona ubavu wa shavu kwenye kioo cha bucha, anaona kisogo chake kikielekea jikoni, uso hauji, na macho, Mungu wangu, macho, ni ya kahawia au yale ya kijivu ya mama mkwe, mtu anayejua kila mshipa wa ndama hajui macho ya mkewe, na hofu hii si ile ya kufumaniwa tena… mwaka mmoja Incoronata aliumwa, nywele zikamtoka, akaja bucha na kitambaa kichwani, akauliza, "Bado nafanana naye?" naye Donato alikuwa ananoa kisu, hakuinua kichwa, akasema mnafanana, mnafanana, na mkewe akasimama pale kidogo, kisha akaenda kufagia… kwa hiyo miaka yote hiyo aliyetazamwa ni yule wa kubuni, yule alipewa gauni na tunda na mbwa, huyu alipewa ufagio, na bado ameshona gauni, amepanda basi, amekuja mpaka huku aone mumewe aliona nini kwake.

"Donato," anasema mkewe, hajageuka. "Niambie tu."

Mwavuli bado uko juu, Assunta amenyoosha shingo, mlinzi anapiga miayo kitini, hakuna kilichosogea, na mdomoni uongo umeshaiva, yule wa kona ya kushoto, mwenye shela, angetosha kabisa, kuhusu mbwa angesema wamempaka rangi juu, tunda limefifia, Assunta angemeza, Gravina yote ingemeza… anaumeza yeye, unashuka kama mfupa.

"Sijui," anasema. "Geuka kwanza, nikuone."

Mgongo wa kijani umetulia, bado, na Donato anangoja, mkoba begani, akitaka kujua macho ya mkewe yana rangi gani.