Abiria wa Ishirini

Ofisi ilitoa neno moja tu: treni ya mlimani ikikosa watalii ishirini siku ya ukaguzi, inafutwa. Mkaguzi wa tiketi alilisoma tangazo. Wenzake waliogopa kukosa kazi. Yeye aliogopa kumkosa mumewe.

Mumewe alikuwa dereva wa treni hiyohiyo. Miaka sita nyuma maji yalibomoa ukuta wa handaki, akafia humo. Tangu hapo, kila treni ilipoingia handakini, mama huyu alinyoosha mkono kwenye kiti cha mwisho, karibu na mlango, akagusa bega lililolowa. Hakumwambia mtu. Angemwambia nani asionekane kichaa?

Siku ya ukaguzi akaja karani mwembamba wa ofisi, kalamu sikioni. Alihesabu mara tatu, mara tatu akakosea, maana watalii walikuwa wanahamahama madirishani kupiga picha, hawatulii kama kumbikumbi.

"Subiri handaki, kaka," mkaguzi akamwambia. "Taa zilishakufa, kwa hiyo kila mtu anakaa kitini. Sisi tunahesabu kwa kugusa mabega."

"Watu hawakasiriki?"

"Wakikasirika, tunajua wako hai."

Giza likaingia. Karani akatangulia, akitaja namba kwa sauti: kumi na saba, kumi na nane, kumi na tisa. Mkaguzi akaziba mdomo kwa kiganja.

"Ishirini," karani akasema.

Mwanga uliporudi, kiti cha mwisho kilikuwa kitupu. Karani aliutazama mkono wake, unachuruzika maji.

"Dada, yule ni nani?"

Angeweza kusema mtu kaenda chooni. Lakini mficha uchi hazai.

"Mume wangu. Ukimfuta, treni inakufa, na mimi simgusi tena. Nakuomba, kaka yangu."

Karani akafungua fomu. Fomu ilikuwa na nafasi mbili, waliopanda na walioshuka, na zisipolingana ofisi haiipokei. Stesheni ya juu, penye hoteli, walishuka kumi na tisa. Alisimama mlangoni muda mrefu, kisha akaandika: wamepanda ishirini, wameshuka ishirini. Yeye mwenyewe alirudi mjini kwa basi.

Mkaguzi akateremka na treni yake, furaha imemjaa. Handakini akanyoosha mkono. Kiti kilikuwa kikavu. Akapapasa mgongo wa kiti, akapapasa hadi chini. Akaliita jina la mumewe, na watalii wakacheka wakidhani ni mchezo wa safari. Hapo ndipo alipoelewa kwamba mumewe ameandikwa ameshuka.

Treni ilinusurika. Msimu uliofuata watalii walijaa mpaka wengine wakasimama. Siku moja, gizani, mkono wake ulifika kiti cha mwisho, ukakuta bega lenye joto.

"Samahani, mama," sauti ya msichana ikasema. "Nimekaa kiti cha mtu?"

Mkono ulibaki pale begani kupita muda wa kuhesabu.

"Kaa tu, mwanangu. Mwenyewe alishashuka."