Maneno ya Kwenye Boksi

Miaka thelathini mzee alikuwa mpanga herufi kwenye kiwanda cha uchapaji. Vidole vyake vilipanga Kiingereza cha kujaza maktaba, na maana yake hakujua hata robo. Kazi ilikuwa kupanga, si kuelewa. Alipostaafu udadisi ukamwandama: kila akiona maandishi, lazima aulize.

Ila safari hii hakwenda kwa binti yake kuuliza maneno. Mkwewe alikuwa hapokei simu miezi mitano, na binti kila akiulizwa hujibu, "Mzima, yuko safarini." Mzee alitaka kujionea kama ile ndoa ingali hai. Siku ya pili ikafika, swali bado hajalitoa. Kuuliza si ujinga, lakini mambo ya mume na mke baba hayavamii tu.

Binti, ambaye ni nesi, alirudi kutoka zamu mchana, hajavua hata viatu, akafungua friji. Mzee akachungulia, akachomoa boksi.

"Hapa pameandikwaje, mama?"

"Redi mili, baba. Kimeshapikwa, unapasha tu."

"Kapika nani?"

"Kiwanda."

Mzee akacheka mpaka akakohoa. Kiwanda nacho kinaunga mchuzi siku hizi! "Na hiki cha kabatini?"

"Instanti. Unamwagia maji ya moto, dakika tatu unakula."

"Dakika tatu hata kitunguu hakijalainika. Na ule mfuko wa jana?"

"Tekiawei. Unanunua, unaondoka nacho."

"Kwenda wapi?"

"Popote. Wengine wanakula wakitembea."

Marehemu mama wa mzee angemchapa mtu kwa kula akitembea. Mzee alikuwa anafurahi kweli, na binti naye alianza kutabasamu, kwa mara ya kwanza tangu jana. Mzee akatoa boksi jingine, na jingine, akayapanga mezani. Jicho la mpanga herufi halipitwi na maandishi madogo.

"Na haya ya pembeni? Naona yako kwenye kila boksi."

Binti akafunga friji taratibu.

"Yanasema ni chakula cha mtu mmoja."

Mzee akayatazama yale maboksi saba. Akatamani asingeuliza. Lakini ameshauliza.

"Vya watu wawili hawatengenezi?"

"Wanatengeneza, baba. Ni miezi mitano sasa sivinunui."