Tyubu Mbili za Wakwe

Siku kompyuta ilipomaliza kuwagawa washiriki katika makundi, mtakwimu alijizungusha na kiti chake cha ofisini, miguu juu, mpaka kichwa kikawa chepesi. Ofisi yenyewe ilikuwa chumba chembamba nyuma ya kliniki ya mifupa, na kiti kilipozunguka, magoti yake yaligonga kabati upande mmoja na pipa la taka upande wa pili. Hakujali. Jaribio alilolibuni kwa miezi mingi lilikuwa limesimama kwa miguu yake.

Lilikuwa jaribio la magoti. Watu wazima waliokuwa wakipanda ngazi kwa kuugulia wangepewa krimu ya kupaka asubuhi na jioni. Nusu yao wangepata krimu yenye dawa mpya, na nusu wangepata krimu tupu. Tyubu zote zilikuwa nyeupe, harufu ya mnanaa ileile, ubaridi uleule mara tu inapogusa ngozi. Zilitofautiana kwa namba tu, iliyochapwa kwa herufi za kisisimizi kwenye mkunjo wa chini. Nani apate ipi, kompyuta ndiyo iliyopiga kura, na maana ya namba hizo aliijua mfamasia aliyezijaza peke yake, naye alikuwa kwenye jengo jingine kabisa, na alikuwa amekula kiapo cha kufunga mdomo.

"Yaani mgonjwa hajui, muuguzi hajui, mimi sijui," alisema daktari bingwa aliyeongoza utafiti ule, ambaye kila mtu alimwita Profesa kwa kuwa alikuwa akifundisha hata ndani ya lifti. "Na wewe je?"

"Mimi ndiye nisiyejua kabisa," mtakwimu alijibu, akicheka peke yake. "Hata majina yao siyaoni. Naona namba tu."

Basi mambo yakaenda vizuri. Tyubu ziligawiwa, wauguzi wakawa wanawapima watu kwa kuwapandisha ngazi na kuwauliza maumivu, na mtakwimu akawa anaziangalia takwimu zikiingia kama mtu anayechungulia sufuria isipate kufurika. Hadi Jumapili moja, alipokwenda na mumewe kula chakula cha mchana kwa wakwe zake.

Wakwe walikaa ghorofa ya tatu kwenye jengo ambalo lifti yake ilikuwa imesahau kazi. Mama mkwe alikuwa fundi cherehani, mwepesi wa maneno na wa vidole. Baba mkwe alikuwa dereva wa treni aliyestaafu, mtu mpole, na tangu mtakwimu aolewe mazungumzo kati yake na mzee huyo hayakuwahi kuvuka mvua, jua na habari za redio. Heshima ya mkwe ilikuwa imekaa katikati yao kama meza.

Baada ya kula, mumewe alienda kuhangaika na bomba la bafuni lililokuwa likivuja, na mtakwimu akajitwika vyombo. Juu ya sinki kulikuwa na rafu, na kwenye rafu vifuko viwili vya kitambaa, kimoja cha bluu na kimoja chekundu, vyenye mshono safi wa mama mkwe. Kutoka kwenye kile chekundu ilichomoza tyubu nyeupe.

Aliweka sahani chini, akamgeukia mama mkwe aliyekuwa akifunika mabaki ya chakula.

"Mama," alisema taratibu, "hii krimu mmeipata wapi?"

"Ah, hiyo! Kule kliniki kwenu, mwanangu. Tumeandikishwa wote wawili, mimi na baba yako. Hatukutaka kukuambia, watu wasije wakasema tumeingia kwa mgongo wako."

"Na mnajipaka kama mlivyoelekezwa?"

Mama mkwe akatazama mlangoni, akausukuma kwa kisigino ukafunga. "Sasa nikuambie, lakini neno hili lisitoke hapa jikoni. Ile niliyokuwa nayo kwenye kifuko changu ilikuwa dawa kweli. Mwanzo sikuona kitu, nikasema hawa wamenipa maji ya mnanaa. Halafu ghafla, ndani ya wiki hiyohiyo, goti likalainika! Nikashuka ngazi naimba. Lakini nikimtazama baba yako, mtu wa watu anapanda huku ameshikilia ukuta. Roho ikaniuma. Nikangoja asinzie mchana kwenye kochi, nikabadilisha. Yangu nikaitia kwenye kifuko chake cha bluu, yake nikaichukua mimi."

"Mama!"

"Mume wangu huyo. Ulitaka nifanyeje?"

Mume wa mtakwimu aliita kutoka bafuni akiomba tambara, na mama mkwe akatoka. Mlango haukuwahi kutulia. Baba mkwe aliingia na glasi mkononi, akafungua bomba, akalifunga, akakohoa. Glasi ilibaki kavu.

"Mkwe wangu," alisema, akiitazama rafu badala ya kumtazama yeye. "Wewe ni mtu wa hizi kazi. Nina jambo la aibu kidogo."

"Sema tu, baba."

"Hii krimu. Mimi niliyopewa ilikuwa dawa hasa. Niliipaka siku chache tu, magoti yakawa kama yamewekwa grisi. Lakini mama yako alikuwa analalamika, kila akiinuka kwenye cherehani anaita mama yake. Nikaona, ah, mimi nitembee vizuri mwenzangu anateseka? Nikabadilisha kimyakimya. Alikuwa ameenda sokoni. Asijue, tafadhali. Atanisema."

Mtakwimu aliona kicheko kikimpanda kutoka tumboni, na huyu ni baba mkwe, na mbele ya baba mkwe mtu hacheki mpaka akalia. Alichukua kitambaa cha kukaushia vyombo, akaking'ata.

"Ulibadilisha lini, baba?"

"Mapema kabisa. Kabla hajaanza ile kuimba kwenye ngazi."

Hapo kitambaa hakikusaidia. Alicheka mpaka akashika ukingo wa sinki, machozi yakimtoka, na mzee akasimama pale ameduwaa na glasi yake. Mama mkwe alirudi akikimbia.

"Kuna nini? Umemwambia nini mtoto wa watu?"

"Mama, baba," mtakwimu alisema akipumua kwa shida, "naomba vifuko vyote viwili, na kadi zenu za kliniki."

Alizipeleka tyubu dirishani penye mwanga, akazigeuza, akasoma namba zile za kisisimizi, akazilinganisha na kadi. Kisha akawaeleza, akimtazama mmoja baada ya mwingine: baba alibadilisha kwanza, mama akabadilisha baadaye, na sasa kila tyubu ilikuwa imerudi kwa mwenyewe, pale pale kompyuta ilipoipeleka.

Mama mkwe alishika kiuno.

"Uliingiza mkono kwenye kifuko changu?" mama mkwe aliuliza.

"Na wewe ukaingiza kwenye changu," alisema baba mkwe.

Mama mkwe alifungua mdomo kumsema, na badala ya maneno kikatoka kicheko kirefu chembamba, baba mkwe akakidaka, akaketi juu ya ndoo iliyofunikwa, mabega yakimtikisika. Mumewe mtakwimu alitokea amelowa mikono yote, akauliza mara tatu kuna nini, na hakuna aliyeweza kumjibu.

Kesho yake, hata hivyo, mambo yalikuwa ya kazini. Mtakwimu alimweleza Profesa kila kitu, pamoja na kwamba wale ni wakwe zake. Kamati ya maadili ya utafiti iliarifiwa, ikaamua wazee waendelee ila mtakwimu asiguse taarifa zao, zishughulikiwe na mwenzake. Wauguzi walitumwa kukagua namba kwenye tyubu nyumba kwa nyumba, na wakarudi wakiwa hoi kwa kucheka. Walikuta mke na mume waliokuwa wakichanganya krimu zote kwenye bakuli moja, wapate sawa. Mabinamu waliokuwa wakipokezana wiki kwa wiki. Bibi mmoja alikuwa amempa jirani tyubu nzima kwa sababu jirani alikuwa na harusi na alitaka kucheza.

Profesa hakucheka. Alikuwa akitembea kutoka kabatini hadi kwenye pipa la taka na kurudi. "Tuwatoe," alisema. "Wote waliovuruga, nje. Tubaki na waliofuata maelekezo."

"Hatuwezi, Profesa."

"Kwa nini? Wameharibu!"

"Fikiria ni nani anayegawa dawa yake. Ni anayependwa na anayependa. Ukiwatoa hao, unabaki na wapweke na walionuniana. Utapata jibu, ndiyo, lakini litakuwa jibu la dawa ya watu walionuniana."

Profesa alisimama.

"Kura ndiyo iliyofanya makundi yafanane," aliendelea, na sauti yake ikaanza kupanda kwa raha kama kawaida yake akigusa jambo hili. "Tukianza kuchagua nani abaki, tumeivunja kura wenyewe. Kila mtu ahesabiwe kwenye kundi alilopangiwa, awe amejipaka, amegawa, au amempa jirani akacheze harusini. Tofauti itapungua kidogo, sawa. Ila ikibaki, ni ya kweli, maana ndivyo watu walivyo majumbani mwao."

"Dawa ya walionuniana," Profesa alirudia, na hapo ndipo kicheko kilipompata. Alicheka hadi akaegemea kabati, na likafunguka.

Basi wakamhesabu kila mtu. Mshiriki wa mwisho alipopimwa, mtakwimu alichambua matokeo, ya wakwe yakiwa yameingizwa na mwenzake, kabla ya kujua kundi lipi ni lipi, ili jicho lake lisipendelee. Mfamasia alimtumia namba zikiwa zimetengwa makundi mawili yasiyo na majina; moja aliliita Kijiko, jingine Uma. Mistari miwili ilipojitokeza kwenye kioo cha kompyuta, Uma ulikuwa umeshuka. Si sana, lakini wazi: watu wa kundi la Uma walikuwa na maumivu machache zaidi kwenye ngazi.

Ikiwa Uma ni krimu tupu, miezi yote ile ilikuwa ya kuthibitisha kwamba dawa inaumiza magoti.

Walimpigia mfamasia, simu ikawekwa mezani kwa sauti ya juu, wauguzi wakajazana mpaka kwenye korido.

"Mko wote?" mfamasia aliuliza, akijua kabisa anachowafanyia.

"Sema, mwanamume wewe!" Profesa alipiga kelele.

"Uma ndiyo dawa."

Muuguzi mkuu, mama mwenye heshima zake, alipiga kigelegele kilichowatoa wagonjwa kwenye mabenchi. Profesa alimkamata mtakwimu mikono wakazunguka katikati ya chumba ambacho hakikuwa na nafasi ya kuzungukia, karatasi zikaruka, pipa la taka likaanguka na hakuna aliyeliokota.

Washiriki waliitwa kupewa habari zao. Waliokuwa na krimu tupu walipewa pia dawa yenyewe waende nayo. Wakwe walikuja wamevaa vizuri, wakakaa mbele, na mwenzake mtakwimu akawasomea: baba alipewa dawa, mama krimu tupu.

Mama mkwe alimgeukia mumewe polepole. "Kwa hiyo dawa ilikuwa yako kweli, ukanipa."

"Nilikuambia niliisikia."

"Na mimi nikaisikia, nikakurudishia!"

"Profesa," mtakwimu aliwahi kusema, kwa kuwa alimwona Profesa akichomoa kalamu, "watu wawili si ushahidi."

Lakini yeye mwenyewe alikuwa akifuta macho.

Mama mkwe alipokea tyubu zake mpya, akazitia kwenye mkoba, akafunga zipu hadi mwisho. Wakaanza kushuka ngazi za kliniki wameshikana mikono. Katikati ya ngazi baba mkwe alisikika akiuliza, kwa upole wake ule, kama angeweza kupata hata kidogo.

"Goti moja tu," alisema mama mkwe.