Mashine ya Boti ya Primus

Baada ya Primus kufariki, Kornelia alirudi kuishi kijijini Mkuu, kwenye migomba yao. Watu walimpa pole kwa kumkumbusha harusi na ubatizo wa watoto. Yeye alikumbuka zaidi siku walipofunga mashine kwenye boti.

Ilikuwa mwaka tisini na tatu. Bei ya kahawa ilikuwa imeporomoka, na Primus, mumewe, akaamua kwenda kuvusha abiria kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu. Mashine aliipata Moshi mjini, ya mtumba, wakati ule vitu vya nje vilipoanza kumiminika.

Walipoiwasha mara ya kwanza, maji yaliruka kutoka nyuma yakawalowesha chapachapa, na boti ikajikokota kama ng'ombe mwenye mimba.

"Imezama mno," Primus alisema. Akaongeza kipande cha mbao juu ya ubao wa nyuma, pale mashine inaponing'inia, akakaza skrubu. Safari hii boti ilichomoka vizuri, lakini walipokata kona mashine ililia kwa ukali na mwendo ukafa. Pangaboi lilikuwa linakamata hewa badala ya maji. Wavuvi waliokuwa ufukweni wakacheka wakashika mbavu.

Uso wa Primus uliiva. Kornelia alimjua: neno moja baya tu, na mashine ingerudishwa mjini.

"Baba Hilda, wewe endesha," alimwambia. "Mimi nitalala huku nyuma niangalie maji."

Akajifunga kanga kiunoni, akalala kifudifudi. Kila Primus alipoipunguza ile mbao kwa randa, waliingia tena majini, naye akakichungulia kibati bapa kilicho juu ya pangaboi.

"Bado kiko juu! Punguza tena!"

Wakarudia, wakarudia, mpaka akapaza sauti: "Hapo! Maji yanakilamba tu!"

Primus akakata kona kulia, kisha kushoto. Mashine ikanguruma bila kukatika.

"Imekubali, Mama Hilda! Imekubali!"

Hawakurudi ufukweni. Primus alimpeleka katikati ya bwawa bila sababu yoyote, akazima mashine. Mawingu yalikuwa yamefunguka, mlima wote uko wazi. Kornelia hakuwahi kuuona kutoka mbali hivyo. Wakala kiburu cha ndizi na maharage kilichopoa kwa mikono yenye grisi, huku wakibishana kwao ni upande gani wa kilele cha Mawenzi.

"Turudi?" Primus aliuliza.

"Ngoja kwanza," alijibu, akachovya vidole majini.